Kuongeza Mazimwi Si Kutunga Part 2

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Mkomaindo, Masasi. Baada ya shikamoo akaingia moja kwa moja: “Mjomba, watu wanataka Part 2.”

Kwa msiotoka kwetu, neno mjomba hapo si la adabu tu. Sisi watu wa Kusini, Wamakua, Wamakonde na Wayao, ukoo wetu unafuata upande wa mama. Mjomba ndiye anayeulizwa. Ndiye mwenye neno mtoto akienda jandoni, na akishauri vibaya lawama ni yake. Kwa hiyo sikuweza kumjibu “fanya unavyoona”. Nikamwomba siku tatu. Makala hii ndiyo jibu lenyewe, na kwa kuwa baadhi ya waliomshauri kabla yangu ni wasomaji wa hapahapa, nimeona niwajibu hadharani.

Filamu yake ni ya dakika 18, imepigwa kwa simu. Ukikulia Masasi au Newala unaijua salfa: ule unga wa njano unaopulizwa kwenye mikorosho kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaofanya maua yaonekane kama yamemwagiwa unga wa muhogo. Kazi hufanywa alfajiri, upepo ukiwa umetulia. Mtu anabeba mashine mgongoni, anajifunga kitambaa au maski usoni, na kwa mbali unachokiona ni wingu la njano linalotembea huku likinguruma. Mpwa wangu akalichukua hilo wingu akalifanya tishio. Katika hadithi yake imeingia salfa mpya, ya maabara, kwenye mifuko isiyo na maandishi. Anayeivuta hafi. Anapoteza sauti, kisha anaacha kulala, kisha anaanza kutembea usiku kuelekea mashambani. Binti mmoja anamfuatilia mpulizaji usiku kucha mpaka ukingoni mwa Shimo la Mungu, kule Newala, anamvua maski. Ni baba yake. Giza. Mwisho.

Nimeona filamu za pesa nyingi ambazo hazikunitisha kama ule ukimya wa mwisho. Imezunguka WhatsApp kutoka Mkomaindo mpaka Mtwara, na sasa watu wanadai nyingine.

Mshauri wake wa kwanza ni jamaa mmoja wa mjini mwenye pesa, anayetaka kuinunua hiyo Part 2 ikishakuwa tayari. Ushauri wake ni neno moja: ongeza. Wapulizaji wawe kumi, damu iwepo, bunduki ziwepo, ikiwezekana na helikopta. Mshauri wa pili ni kundi la wapenzi wa fasihi, wengine rafiki zangu wa miaka, wanaosema asiguse kabisa. Kwao muendelezo ni njaa tu, kazi nzuri husimama peke yake, na aliyewahi kuona Part 2 nzuri ajitokeze.

Najitokeza. Na nasema wote wawili wamekosea, tena kosa lao ni moja. Wote wanadhani sehemu ya pili ni sehemu ya kwanza kurudiwa. Mmoja anataka irudiwe kwa kishindo, wengine wanaona haya irudiwe.

Imani yangu niliipata kwenye kibanda cha video, katikati ya miaka ya tisini, chini ya yale majabali ya Masasi. Kuta za turubai na mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, deki moja, na jenereta nje iliyokuwa ikipiga kelele kuliko picha yenyewe. Msimu wa korosho pesa ilikuwepo, kibanda kilijaa mpaka sisi watoto tunakaa chini, magoti yakigusana. Kabla hatujaanza kupata kanda zilizotiwa sauti za wakalimani wa Dar es Salaam kama Lufufu, sisi tulikuwa na kaka mmoja aliyefika kidato cha nne. Alisimama kando ya televisheni na fimbo, akitutafsiria alichokielewa na kututungia asichokielewa.

Hapo ndipo nilipoiona Aliens ya James Cameron, ya mwaka 1986. Alien yenyewe, ile ya kwanza ya Ridley Scott ya mwaka 1979, kanda yake ilifika baadaye. Yaani niliiona ya pili kabla ya ya kwanza, na bado ilinishika shingo. Nimejiuliza miaka mingi iliwezaje.

Jibu nililipata upande wa mama yangu, juu kwenye uwanda wa Makonde. Hapa sitoi siri ya mtu, nasema yale tu ambayo yameshaandikwa na wengi. Kwenye mapiko, mchezaji anavaa kinyago cha kichwa, mwili umefunikwa kwa nguo, anacheza mbele ya kijiji. Zamani watoto na wanawake waliambiwa huyo si mtu, ni mfu aliyerudi. Mvulana akiingia jandoni anaonyeshwa kwamba ndani ya kinyago kuna mtu, pengine jirani yao wa kila siku. Siku hizi hata watoto wadogo wanajua, lakini mpango wenyewe ndivyo ulivyokuwa.

Sasa hebu jiulize. Mvulana akishajua, kwa nini anaendelea kwenda kutazama mapiko? Kama utamu wote ungekuwa kwenye kutojua, ngoma ile ingekufa siku nyingi. Haikufa. Nilipojitapa kwa mjomba wangu kwamba sasa mimi siogopi tena, alinitazama kidogo akasema: “Zamani uliogopa kinyago. Sasa utaogopa siku utakayoambiwa ukivae.”

Hiyo ndiyo hoja yangu. Mtazamaji wa sehemu ya pili ametoka jandoni. Kinyago ameshakiona kikivuliwa. Ukimletea kilekile, au ukamletea kumi vya kufanana, unamdharau. Muendelezo wa filamu ya kutisha hufaulu pale unapoihamisha hofu. Katika ya kwanza tunauliza, “Kile ni nini?” Katika ya pili inabidi tuulize, “Sasa kwa kuwa najua, nitafanya nini, na nitampoteza nani?”

Itazame Aliens kwa jicho hilo. Ripley amelala angani miaka 57. Anaamka, anaeleza alichokiona, wakubwa wa kampuni hawamwamini. Katika toleo refu lililokuja baadaye anaambiwa pia kwamba binti yake, aliyemwacha akiwa mtoto, amezeeka na kufa yeye akiwa usingizini. Kisha anarudishwa kulekule pamoja na kikosi cha wanajeshi wenye kila aina ya silaha. Wanajeshi wanacheka. Wao bado hawajaingia jandoni, yeye katoka. Kwa muda mrefu hatuoni dude lolote likishambulia, tunaona tu vijana wanaotaniana na mwanamke mmoja asiyecheka. Sisi ambao hatukuwa tumeiona ya kwanza tuliogopa kwa kumtazama usoni. Walioiona waliogopa kwa kuwa wanajua. Filamu ilitutosha wote.

Halafu kuna suala la steringi. Aliyekulia kibandani anaijua sheria: steringi hafi. Ilitamkwa kwa sauti kila adui alipomkaribia, na ilitupa raha, lakini ndiyo sumu ya filamu ya kutisha, hasa ya pili. Ripley amenusurika ya kwanza, jina la mwigizaji wake liko juu kabisa, nani ataamini kwamba atakufa? Cameron hakupoteza muda kutushawishi. Akamletea Newt, mtoto wa kike aliyebaki peke yake kwenye makazi yaliyomalizwa, anayejificha kwenye njia za hewa. Newt si steringi. Newt anaweza kufa. Nakumbuka kibanda kizima, wanaume wazima wenye ndevu, walivyonyamaza Ripley alipoamua kurudi chini peke yake kumfuata yule mtoto. Kaka wa fimbo aliacha kutafsiri. Hapakuwa na cha kutafsiri.

Kwenye tuzo za Oscar, Aliens iliteuliwa mara 7, na uteuzi mmoja ulikuwa wa Sigourney Weaver kama mwigizaji bora wa kike. Sidhani kama waliomteua walikuwa wanaisifia bunduki aliyobeba.

Mtazame na Bishop, yule mtu wa kutengenezwa. Katika filamu ya kwanza, mwenzake wa aina hiyo, Ash, aliwasaliti wote. Kwa hiyo Ripley hamtaki Bishop, nasi hatumtaki, tunakaa tukisubiri ageuke. Hageuki. Tulichokijua ndicho kilichotumika kututega. Cameron akaifanya tena mwaka 1991 kwenye Terminator 2: Judgment Day. Uso wa Arnold Schwarzenegger, uliokuwa kifo chenyewe mwaka 1984, safari hii umetumwa kumlinda mtoto, na muuaji ndiye aliyevaa sare ya polisi. Sarah Connor anapokutana na uso ule hospitalini, anaanguka sakafuni kwa woga na kuanza kurudi nyuma. Hajui kwamba amekuja kumwokoa. Angekuwa hajui lolote, asingeogopa. Kinachomwangusha ni kujua.

Jamaa wa pesa atanijibu: lakini hizo zote ziliongeza! Kweli, siwezi kubisha. Dude moja likawa kundi zima, na Terminator 2 iligharimu takriban dola milioni 100 wakati ya kwanza haikufika milioni 7. Ila mtoe Newt kwenye Aliens uone kinachobaki. Risasi. Na kama kuongeza kungetosha, Alien vs. Predator ya mwaka 2004, madude ya aina mbili kwa kiingilio kimoja, ingetutisha mara mbili. Nani alikosa usingizi kwa sababu yake?

Hayo ni ya hofu. Upo na upande wa sayansi, na hapa watunzi wetu wengi tunateleza. Hadithi ya sayansi ina kanuni zake. Ya kwanza inazipanga, ya pili inatakiwa izifuate mpaka zinapoishia, si kuokota nyingine njiani. Alien ilituonyesha mayai, mengi, yamejipanga. Cameron akauliza swali ambalo mtoto yeyote wa Masasi angeuliza: yanatagwa na nani? Sisi tumechimba vichuguu, tumekula kumbikumbi, tunajua kwamba ndani kabisa, chini, yumo malkia, mnene, haendi popote, na nyumba yote inaishi kwa ajili yake. Malkia alipotokea kwenye kioo, mzee mmoja nyuma yetu alisema, “Kumbe kichuguu.” Hakuna aliyekuwa amemtafsiria kitu. Alielewa kwa sababu kanuni ilikuwepo tangu mwanzo, ikafuatwa.

Vivyo hivyo 28 Weeks Later ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Juan Carlos Fresnadillo. Ile iliyotangulia, 28 Days Later ya Danny Boyle, ilishasema kwamba waliopata virusi vile vya ghadhabu si wafu. Ni watu, na watu wasipokula hufa njaa. Ya pili inakubali: wamekufa njaa, na London inaanza kukaliwa upya chini ya jeshi la Marekani. Kisha anapatikana mama mmoja aliyebeba virusi bila kuugua. Kanuni haijavunjwa, imekunjwa mahali pamoja tu. Na mama huyo ndiye mke aliyekimbiwa na mumewe mwanzoni kabisa, wagonjwa walipoingia ndani ya nyumba. Mume anamwendea kwa siri kuomba msamaha. Anambusu. Sisi tuliopita kwenye UVIKO-19, tukikaa nje ya wodi tukiwaza nani kati yetu amebeba na hajijui, hatuhitaji kuelezwa hofu hiyo.

Na Boyle mwenyewe aliporudi mwaka 2025 na mwandishi wake Alex Garland, kwenye 28 Years Later, alianzia wapi? Kwa mvulana wa miaka 12, Spike, anayetolewa kisiwani kwao na baba yake kwenda bara kuua mgonjwa wake wa kwanza. Wakirudi, kijiji kinamshangilia, na baba anasimulia ushujaa ambao mtoto anajua si wa kweli. Niliiona nikacheka peke yangu kama mwehu. Hilo ni jando, bwana! Na kinachomtikisa mtoto zaidi ya wagonjwa wa porini ni uongo wa baba.

Wanaoharibu ni wale wanaofuta. Alien 3 ya mwaka 1992 inaanza Newt akiwa ameshakufa kwenye ajali ya chombo, kabla hadithi haijasimama. Wapo wanaoitetea, wanasema ina huzuni na ujasiri, na kweli humo steringi anakufa: Ripley anajirusha kwenye tanuru. Nakubali mwisho ule una uzito. Lakini kumuua nje ya hadithi mtoto ambaye kibanda kizima kilishuka kumfuata ni kutuambia kwamba tuliogopa bure. Terminator: Dark Fate ya mwaka 2019 ikamfanyia John Connor hayohayo, dakika za mwanzo kabisa. Alien Resurrection ya mwaka 1997 ikaenda upande wa pili ikaangukia shimo lilelile: Ripley aliyekufa anatengenezwa upya maabara, miaka 200 baadaye, kutokana na damu yake iliyohifadhiwa. Sayansi ikishaweza kufuta kifo, usinitishe tena kwa kifo.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo ninapokasirika.

Enzi Bongo Movies zikiuzwa kwa diski, Part 2 mara nyingi haikuwa muendelezo. Ilikuwa hadithi moja iliyokatwa katikati ili mteja anunue mara mbili. Mtu anagonga mlango, muziki unapanda, picha inaganda, “usikose Part 2”. Na si kwamba hatukuwa na watu wa kututisha. Mussa Banzi alishatoa Nsyuka mwaka 2003 na Shumileta mwaka 2005, na wapo wanaozikumbuka mpaka leo wakipita gizani. Simlaumu aliyekuwa anauza. Wizi wa kazi ulikuwa mkubwa na soko lilikuwa ndilo hilo. Nalaumu mazoea yaliyobaki baada ya diski kufa. Tumejifunza kwamba Part 2 ni nusu iliyobakizwa. Mpwa wangu hakubakiza nusu. Hadithi yake imekwisha, na ni hadithi iliyokwisha tu inayoweza kupata muendelezo wa kweli.

Wengine wamemwambia haya ni mambo ya Hollywood, yeye wa Masasi atunge ya ndoa na mashamba. Kha! Mwaka 1906, vita vya Majimaji bado havijapoa, Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alifika Masasi na Newala akiwa na kamera ya filamu na mashine ya kunasa sauti, akazipiga picha ngoma zetu akaenda nazo kwao. Tulikuwa mbele ya kamera kabla hatujaona taa ya umeme. Kilichochelewa ni sisi kusimama nyuma yake. Na kama ni madude, vinyago vya shetani vya Wamakonde, viungo vimejisokota, mwili mmoja unachomoza ndani ya mwingine, vilikuwa vinauzwa Dar es Salaam miaka ya 1960, kabla Mswisi H. R. Giger hajabuni lile dude la Alien. Kijana wa Masasi haombi ruhusa ya mtu kutunga cha kutisha.

Na ninyi wapenzi wa fasihi mnaosema muendelezo ni njaa, rafu zenu wenyewe zinawasuta. Muhammed Said Abdulla alituingiza kwenye Mzimu wa Watu wa Kale, kilichotoka mwaka 1960, tukitetemeka. Bwana Msa na kiko chake akatuonyesha kwamba penye mzimu pana mtu mwenye maslahi. Kinyago kikavuliwa. Je, mtunzi aliacha hapo? Mwaka 1968 akaja na Kisima cha Giningi, jina la kutisha kwa Mzanzibari yeyote aliyelelewa na habari za wachawi wa Giningi. Msomaji wa Bwana Msa hawezi tena kuwaogopa wachawi kama alivyouogopa ule mzimu. Sasa anawaogopa watu, na anawatazama mmoja mmoja wanavyoingia ukurasani. Euphrase Kezilahabi naye alitoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, na sijasikia mtu akisema alitafuta pesa. Mzingile haikuirudia safari ya Nagona. Iliisukuma mpaka kwenye dunia iliyoteketea, ikauliza binadamu anaanzaje upya.

Jambo moja nakubaliana nanyi. Si kila kazi ina deni. Pumzi ya Wanuri Kahiu, ile filamu fupi ya Kenya ya mwaka 2009, inaishia Asha akiupa mche maji yake ya mwisho kule jangwani. Nani anataka Part 2 ya pale? Hakuna anayedaiwa. Swali lililoachwa wazi si deni. Deni ni pale mhusika anapobaki hai na jambo alilolijua, na kesho asubuhi lazima aamke nalo.

Binti wa filamu ya mpwa wangu ana deni. Amemvua baba yake maski. Watarudije nyumbani?

Kwa hiyo, mpwa wangu, haya ndiyo niliyonayo. Mpulizaji abaki mmoja. Anza asubuhi, jikoni. Binti anakoroga uji, maski imetundikwa msumarini, baba amekaa mkekani. Yeye anajua, baba anajua kwamba anajua, mama hajui kitu. Kanuni umeshaiweka mwenyewe: salfa ile huanza na sauti. Basi baba hawezi kujieleza, hata akitaka, na mimi mtazamaji nitahangaika nikimtazama akijaribu. Kisha nipe mtu wa kumpoteza. Binti ni steringi, hawezi kufa, sote tunajua. Mpe mdogo wake wa kiume, mwenye kupenda kumbebea baba ndoo kwenda shamba, na siku moja aamke na sauti imekauka kidogo, kama mafua tu.

Swali la mayai na la kwako lipo: ile mifuko isiyo na maandishi aliileta nani? Usitupeleke maabara za Ulaya zenye taa za buluu. Tupeleke ghalani, tunapopajua, kwa mtu anayetusalimia vizuri. Na usisahau hofu iliyo kubwa kuliko zote kule kwetu, ambayo hukuigusa mara ya kwanza kwa sababu ulikuwa unakimbilia kinyago. Mikorosho isipopulizwa hakuna korosho, na korosho zisipokuwepo hakuna ada. Baba ameanguka, msimu haujasubiri, mashine iko pale ukutani. Nani ataivaa? Hapo hutahitaji helikopta.

Nilimpigia Jumapili nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole kwamba jamaa wa pesa hatatoa hata senti kwa filamu inayoanza na uji. Nikamwambia inawezekana kabisa. Sikutaka kumdanganya. Pesa ile si ndogo, ingempatia kamera ya kweli, na dada yangu, mama yake, angepumua kidogo. Ni rahisi kwangu kuandika haya nikiwa mbali, na yeye ndiye atakayemtazama mama yake usoni. Nilimwambia hilo pia.

Akanyamaza. Kisha akasema: “Na kuna tatizo jingine, mjomba. Yule mzee aliyecheza baba amegoma. Anasema tangu filamu itoke watoto wa mtaani wakimwona wanakimbia. Hata mjukuu wake hakubali kula naye. Hataki kuiona tena ile maski.”

Nikamwambia asitafute mwigizaji mwingine. Aende akakae na yule mzee, amsikilize habari ya mjukuu mpaka mwisho, simu ikiwa mfukoni.

Salfa itaanza kupulizwa mwezi wa sita. Ana muda.